Umejuaje? Mwongozo kamili wa kublogu kama mwandishi wa habari wa kiraia

Mwishoni mwa Desemba 2007, Kenya ilipolipuka baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Watu wanauawa, nyumba zinachomwa, na aliye mtaa huu hajui mtaa wa pili kuna nini. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa na blogu yake, akawa anapokea taarifa za wasomaji na kuzichapisha moja baada ya nyingine, mpaka zikamzidi. Mapema Januari 2008 aliuliza kwenye blogu hiyo kama kuna mafundi wa programu wanaoweza kutengeneza ramani ambayo watu wangeitumia kutuma walichokiona. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao wakaitikia, na ndani ya siku chache ramani ilikuwa hewani. Wakaiita Ushahidi.

Nalipenda sana jina hilo. Shahidi ni mtu aliyekuwepo, na akisimamishwa mbele ya watu akaulizwa "umejuaje?", ana jibu. Swali hilo ndilo linalomtenganisha mwanablogu wa habari na msambaza uvumi, na halimuulizi mtu ana cheti gani wala anatumia kamera ya aina gani. Hatua zote zilizomo humu zinakuandaa kulijibu kabla hujabonyeza kitufe cha kuchapisha.

Hatua ya 1: Chagua eneo dogo unaloweza kulifuatilia

Blogu nyingi za habari hufa kwa sababu mwenyewe alitaka kuandika kila kitu: siasa za taifa, ajali, michezo, muziki. Mshika mbili moja humponyoka. Habari kubwa za taifa zina waandishi wenye mishahara, magari na mawakili. Wewe nguvu yako iko pale ambapo hakuna anayetazama: vikao vya baraza la eneo lako, hospitali moja, mto mmoja unaochafuliwa, bajeti ya shule za umma, mahakama ndogo ambayo hakuna gazeti linalotuma mtu.

Eliot Higgins alianza mwaka 2012 akiwa Leicester, Uingereza, nyumbani kwake, hana kazi, hajui Kiarabu. Blogu yake, aliyoiandika kwa jina la Brown Moses, ilishughulika na jambo moja tu: silaha zinazoonekana kwenye video ambazo Wasyria walikuwa wakiziweka mtandaoni. Kila siku alitazama, akalinganisha, akaandika ni silaha gani na imeonekana wapi. Kwa kuwa alirudi kwenye jambo lile lile siku baada ya siku, alianza kuona mabadiliko ambayo waandishi wa magazeti makubwa hawakuyaona. Mwaka 2014 kazi hiyo ilizaa Bellingcat, kundi ambalo leo waandishi wa dunia nzima hujifunza kwake.

Kabla hujafungua blogu, chukua karatasi uandike mambo 10 kuhusu eneo ulilochagua ambayo ungeweza kuyafuatilia ndani ya miezi mitatu ijayo. Usiandike mada kama "rushwa" au "mazingira". Andika jambo lenye mahali na mlango wa kubisha: daraja fulani liliahidiwa kukamilika lini, nani alipewa kandarasi, limefika wapi. Ukikwama kwenye la nne, bado hujalijua eneo lako. Hudhuria vikao viwili vitatu kwanza, usikilize tu.

Hatua ya 2: Fungua blogu, na ijue sheria ya nchi yako

Upande wa mitambo ni mwepesi, kwa hiyo sitakaa hapo. WordPress na Blogger zote zinatosha. Ukiweza kununua jina lako la kikoa, yaani anwani yako mwenyewe ya mtandaoni, nunua, maana jukwaa likifungwa kesho utahamisha kazi yako bila kupoteza wasomaji. Pakua nakala ya blogu nzima kila mwezi. Weka ukurasa unaosema wewe ni nani, unafuatilia nini, nani anakulipa kama yupo, na mtu akitaka kukusahihisha akupate wapi. Mitandao ya kijamii itumie kuwaita watu, lakini kazi yenyewe ikae kwenye blogu. Ujumbe wa mitandao huzama baada ya siku moja, na wewe unajenga kumbukumbu ambayo mtu ataitafuta baada ya miaka mitatu.

Sheria ndiyo inayotaka muda wako. Nchi hazifanani. Tanzania mwaka 2018 ilitoa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizowataka wanablogu kuwa na leseni ya mamlaka ya mawasiliano, na kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Kenya mwaka huo huo ilipitisha sheria ya makosa ya mtandao yenye vifungu vinavyohusu kuchapisha taarifa za uongo. Tafuta maandishi halisi ya sheria za nchi yako, yaliyo kazini sasa, na usitegemee muhtasari wa mtu. Soma kuhusu usajili, kashfa, faragha, picha za watoto, na kesi zilizoko mahakamani. Kama kuna chama cha waandishi au shirika la wanasheria linalosaidia wanahabari, jitambulishe kwao mapema, siku ambayo huna shida yoyote.

Hatua ya 3: Nenda, na uandike ukiwa pale pale

Daftari ndilo kifaa chako cha kwanza. Simu huishiwa chaji, huporwa, hufutwa. Andika juu ya kila ukurasa tarehe, mahali, saa uliyofika. Kuhusu saa, chagua mfumo mmoja ushikamane nao: saa 2 ya kinywani na 2:00 ya kwenye simu zimetofautiana kwa saa sita, na ukisoma daftari baada ya wiki hutakumbuka ulimaanisha ipi.

Gawa ukurasa kwa mstari wa wima. Kushoto andika ulichokiona kwa macho yako, kulia andika ulichoambiwa, na jina la aliyekuambia. Mstari huo mmoja utakuokoa mara nyingi kuliko programu yoyote. Jioni, ukiwa umechoka na kichwa kimejaa, ni rahisi mno maneno ya jirani yakageuka kuwa kumbukumbu yako.

Hesabu vitu. Viti vilivyo wazi, magari yaliyopita, dawa zisizokuwepo kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Kwa umati wa watu kuna njia iliyoachwa na Herbert Jacobs, mwalimu wa uandishi wa habari wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyekuwa akiwatazama wanafunzi wakiandamana uwanjani miaka ya 1960. Alitumia miraba ya sakafu ya uwanja: akahesabu watu kwenye miraba michache, akazidisha. Kanuni iliyotokana na kazi yake ni kwamba umati uliotawanyika una karibu mtu mmoja kwa kila mita moja ya mraba, umati uliobana una watu wawili na nusu hivi, na ule wa kusukumana unafika wanne. Barabara yenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 8 ni mita za mraba 800. Basi hapo wanaenea watu 800 wakiwa wametawanyika, 2,000 wakiwa wamebanana, na kama 3,200 wakiwa hawawezi kugeuka. Mwandaaji akikuambia walifika 20,000 kwenye kipande hicho, unayo hesabu ya kumuonyesha. Polisi wakisema walikuwa 100, vivyo hivyo.

Ukipiga video, anza na picha pana inayoonyesha kitu kisichohama: kilima, mnara, kibao cha duka, makutano ya barabara. Taja kwa sauti tarehe, saa na mahali, kisha nyamaza. Shika simu kwa mikono miwili, kaa kwenye sehemu moja angalau sekunde 10 kabla ya kugeuza, na usikatize rekodi. Tarehe 25 Mei 2020 huko Minneapolis, Marekani, Darnella Frazier alikuwa na umri wa miaka 17 aliposimama kando ya barabara na kumrekodi polisi aliyemkandamiza George Floyd shingoni kwa goti. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mtu amefariki baada ya tatizo la kiafya. Video yake ilipotoka, taarifa hiyo haikuweza kusimama. Alikaa pale, akaendelea kurekodi, na mwaka 2021 bodi ya Pulitzer, tuzo kubwa za uandishi wa habari za Marekani, ikamtunuku heshima maalumu.

Faili halisi usiliguse. Usilikate, usilipake rangi, usiliweke maandishi. Tengeneza nakala, fanya kazi kwenye nakala, na ile ya asili iweke sehemu mbili tofauti.

Na kama hali ni ya hatari, ondoka. Habari moja haina thamani ya maisha yako, na mtu aliyejeruhiwa mbele yako anahitaji mikono yako kabla ya kamera yako.

Hatua ya 4: Uliza hadi ufike kwa aliyeona

Jitambulishe. Sema jina lako, sema una blogu, sema maneno yake yatachapishwa na yatasomwa na watu asiowajua. Watu wengi hawajawahi kuhojiwa na hawajui kwamba jina lao litabaki mtandaoni miaka. Ni juu yako kuwaeleza. Mtu akitaka asitajwe, kubalianeni kabla hajazungumza: je, jina lisitajwe lakini kazi yake itajwe, au hata hiyo isitajwe? Mkikubaliana, ahadi hiyo ni ya kuilinda hata ukibanwa.

Maswali yaanze na nini, lini, wapi, vipi. Ukimuuliza mtu "Je, polisi walichelewa?" umeshamjibia. Muulize "Walifika saa ngapi? Ulijuaje ni saa hiyo?" Atakuambia alikuwa anasikiliza taarifa ya habari ya saa mbili, au alikuwa ndiyo kwanza amewarudisha watoto kutoka shule. Hapo umepata kitu cha kushika.

Lililonifundisha kazi hii kuliko yote lilinitokea miaka yangu ya mwanzo. Kulitokea ajali ya gari la abiria, nikawapigia watu watatu waliokuwa eneo hilo. Wote watatu wakaniambia waliokufa ni wanne. Watatu wanakubaliana, nikasema, hii imethibitika, nikachapisha. Asubuhi ikabainika amefariki mmoja. Niliporudi kwa wale watatu kuwauliza, kila mmoja alikuwa amemsikia mwendesha pikipiki yule yule, aliyepita eneo la ajali bila kusimama. Vyanzo vyangu vitatu vilikuwa kinywa kimoja. Kuna familia tatu zilizolala usiku ule zikilia watu walio hai, na mimi ndiye niliyewaliza. Tangu siku hiyo nina swali ambalo siliachi kamwe: "Wewe mwenyewe uliona, au uliambiwa? Uliambiwa na nani?" Jibu likiwa "niliambiwa", naomba namba ya aliyemwambia, na naendelea kupanda hivyo hivyo mpaka nifike kwa macho yaliyoona au karatasi iliyosainiwa. Nisipofika, siandiki.

Karatasi nazo zina vinywa. Mikataba, kumbukumbu za vikao, ripoti za ukaguzi, hukumu, matangazo ya zabuni: vingi ni vya wazi kisheria na havisomwi na yeyote. Nchi nyingi zina sheria ya haki ya kupata taarifa. Andika barua fupi, omba waraka mmoja kwa jina lake, tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu ndani ya muda uliowekwa na sheria, kutojibu huko nako ni habari yenye tarehe.

Hatua ya 5: Thibitisha picha na video unazotumiwa

Ukishajulikana, utaanza kutumiwa. Picha za mafuriko, za moto, za askari wakipiga watu. Nyingi ni za kweli, ila zimetokea mahali pengine au mwaka mwingine.

Anza na aliyekutumia. Ni yeye aliyepiga? Kama siyo, aliipata wapi? Kama ni yeye, atakuwa na picha nyingine za kabla na baada, kwa kuwa ni nadra mtu kupiga picha moja tu ya jambo linalomshtua. Muombe faili halisi. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida hubana ubora na kufuta metadata, yaani zile data zilizomo ndani ya faili zinazoeleza tarehe, aina ya simu na wakati mwingine mahali. Akiituma kama waraka, faili hubaki kama lilivyo. Metadata nazo zinaweza kuchezewa, hivyo zichukue kama dalili, zisiwe hukumu.

Kisha itafute picha yenyewe mtandaoni kwa Google au TinEye. Ikiwa ni video, piga picha ya skrini ya sehemu tatu nne ukazitafute hizo. Ikijitokeza kwenye ukurasa wa miaka mitano iliyopita, kazi imekwisha.

Isipojitokeza, ndipo inapoanza kazi ninayoipenda. Mwaka 2018 ilienea video ya wanajeshi wakiwaongoza wanawake wawili na watoto wawili, kisha kuwapiga risasi. Serikali ya Kamerun ilikana, ikasema ni habari ya uongo. Wachunguzi wa BBC Africa Eye, wakishirikiana na watu wa kujitolea wa mtandaoni, wakautazama mlima unaoonekana nyuma ya wanajeshi. Wakauchora mstari wa kilele chake, wakaulinganisha na picha za setilaiti, hadi ukalingana na mahali karibu na mji wa Zelevet, kaskazini ya mbali ya Kamerun. Majengo yaliyoonekana, ambayo kwenye picha za setilaiti za miaka mingine hayapo, yakapunguza muda. Mwisho wakavitumia vivuli vya wanajeshi wanavyotembea kama mshale wa saa ya jua, wakafikia kipindi cha kati ya Machi 20 na Aprili 5, 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi nchini humo iliwahukumu wanajeshi 4 kifungo cha miaka 10 kila mmoja.

Vifaa vikuu vya kazi hiyo unaweza kuvipata bure. Google Earth ina picha za setilaiti za miaka iliyopita. SunCalc hukuonyesha jua lilikuwa upande gani mahali fulani, siku fulani, saa fulani. Jizoeze kwanza kwa picha yako mwenyewe: chukua uliyopiga mwaka jana, jifanye huijui, ujaribu kuthibitisha mahali na saa kwa kutumia vivuli na vibao peke yake. Jioni mbili tatu za mazoezi hayo zitakufungua macho kabisa.

Sasa kuna picha na sauti zinazotungwa na akili unde (AI), na zinazidi kuwa nzuri. Programu zinazodai kuzitambua hukosea pande zote mbili, kwa hiyo usiziachie uamuzi. Rudi kwa mtu: nani alikuwepo, nani mwingine alirekodi tukio hilo hilo kutoka upande wa pili?

Unapopata ukurasa au chapisho muhimu kwa habari yako, lihifadhi hapo hapo kupitia Wayback Machine ya Internet Archive, maana kesho unaweza kukuta limefutwa.

Hatua ya 6: Andika ili msomaji aone ulivyojua

Tazama sentensi hii, ambayo nimeiona kwa sura mbalimbali kwenye blogu nyingi: "Wananchi wamechoshwa na ahadi hewa za viongozi kuhusu kero ya maji." Inaweza kuwa kweli. Lakini wananchi gani? Wangapi? Ahadi gani, ilitolewa lini? Kiongozi akiisoma hana cha kujibu, na mwananchi akiisoma hajaongeza alichokuwa anakijua.

Sasa tazama hii: "Bomba la mtaa huu halijatoa maji tangu tarehe 4 mwezi uliopita. Jumanne, kuanzia saa 12:30 hadi saa 2:00 asubuhi, niliwahesabu watu 41 wakipita na ndoo kwenda mtoni. 26 walikuwa watoto waliovaa sare za shule. Ripoti ya mradi iliyosainiwa tarehe 20 inasema bomba linafanya kazi kwa asilimia 100." Hakuna neno la hasira humo, na hakuna anayeweza kuisoma akatulia. Kila kipande kinajibu umejuaje: nilihesabu, nilisoma, waraka huu hapa. Waraka wenyewe uuweke kwenye blogu ili msomaji aufungue.

Lugha yetu ina mtego wake. "Inasemekana", "inadaiwa", "imeelezwa kuwa", "taarifa zinasema": haya ni maneno yasiyo na mwenyewe. Kila yanapokutoka, simama ujiulize, na nani? Kama unamjua, mtaje au eleza kwa nini humtaji. Kama humjui, futa sentensi nzima. Na kuwa makini na majina ya hali ya mtu mbele ya sheria. Aliyekamatwa ni mtuhumiwa. Aliyefikishwa mahakamani akasomewa shtaka ni mshtakiwa. Aliyetiwa hatiani ndiye pekee unayeweza kumwita mwizi au muuaji, tena ukitaja mahakama na tarehe ya hukumu. Wanablogu wengi wameburuzwa mahakamani kwa kuruka ngazi moja tu hapo.

Kichwa cha habari kiahidi kile tu kilichomo ndani. Maoni yako yaandike, unayo haki, lakini yaweke kwenye chapisho lake na uyaite maoni. Na usiogope kuandika "jambo hili bado sijalithibitisha". Wasomaji hawakudharau kwa hilo. Wengine hukuletea kipande kilichokosekana.

Hatua ya 7: Mpe anayetuhumiwa nafasi ya kujibu

Hii hairukwi, hata kama una uhakika wa mia kwa mia, hata kama unaamini atakudanganya. Mwandikie, orodhesha madai moja moja kwa namba, eleza utachapisha lini, mpe muda unaolingana na uzito wa jambo. Muda wa saa mbili haumtoshi mtu aliyetuhumiwa kula fedha za umma kujibu; siku tatu au wiki ni uungwana. Akijibu, jibu lake likae karibu na tuhuma, lisizikwe mwishoni. Asipojibu, andika ulimtafuta mara ngapi na kwa njia gani.

Mara kadhaa jibu limenibadilishia habari yote. Karatasi niliyoiona kama wizi ilikuwa na karatasi ya pili inayoieleza. Bora kuijua kabla.

Isipokuwa hali moja: kama kumuuliza kutaweka maisha ya chanzo chako hatarini, tafuta ushauri wa mwanasheria au mhariri mzoefu kwanza.

Hatua ya 8: Linda watu, kisha jilinde

Naanza na watu, kwa kuwa mwanablogu husahau. Mtoto aliyetendewa ukatili hatajwi, haonyeshwi, na shule yake haitajwi pia, maana mtaa mzima utamjua kwa hiyo. Maiti isionyeshwe kabla familia haijajua. Ukificha uso, ufunike kwa mraba mweusi usiopenya. Ukungu wa kawaida wakati mwingine hufumbuliwa, na nguo, sauti na ukuta wa nyuma humtambulisha mtu vile vile.

Usimtaje mhalifu kwa kubahatisha. Baada ya mabomu ya mbio za marathoni za Boston mwezi Aprili 2013, watu mtandaoni walikusanyika "kuchunguza" picha, wakamtangaza kijana mwanafunzi aliyekuwa ametoweka kuwa ndiye mlipuaji. Hakuwa yeye. Alikuwa amekwishafariki, na familia yake, iliyokuwa bado inamtafuta, ikamiminiwa matusi. Wote waliosambaza jina lile walidhani wanafanya uandishi wa habari.

Kabla ya kuchapisha picha ya chanzo aliyejificha, ondoa metadata. Desemba 2012 jarida moja lilichapisha picha ya John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi vya kompyuta, aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize, huku data za mahali zikiwa bado zimo ndani ya faili. Wasomaji wakaona mara moja kwamba yuko Guatemala. Siku chache baadaye alikamatwa. Jarida lilikuwa na wahariri na mafundi. Wewe uko peke yako, kwa hiyo liweke jambo hili kwenye orodha ya mwisho unayoipitia kila mara.

Kwa upande wako: nenosiri tofauti kwa kila akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe na blogu, simu inayofunguka kwa namba badala ya uso au kidole unapokwenda penye vurugu. Ongea na vyanzo nyeti kwa Signal, programu ya mawasiliano ya siri, na jumbe zijifute. Majina halisi ya vyanzo yasikae kwenye simu unayotembea nayo. Acha kwa mtu unayemwamini ratiba yako na namba ya mwanasheria. Sisemi haya kukutisha. Aprili 2014 nchini Ethiopia walikamatwa wanablogu 6 wa kundi la Zone 9 pamoja na waandishi 3, wakafunguliwa mashtaka ya ugaidi, na wengine walikaa ndani zaidi ya mwaka. Kati ya mambo waliyoshtakiwa nayo ni kujifunza namna ya kulinda mawasiliano yao. Anayeingia kwenye kazi hii anastahili kujua inaweza kufika wapi.

Hatua ya 9: Ukikosea, sahihisha hadharani

Usifute chapisho kimya kimya. Sahihisha sehemu yenye kosa, kisha juu kabisa andika nini kilikuwa kimekosewa, kipi ndicho sahihi, na tarehe uliyobadilisha. Kama kosa lilisambaa kwenye mitandao, sahihisho nalo lisambaze huko huko. Kama limemuumiza mtu, mpigie mwenyewe kabla hajalisoma. Ile familia ya kwanza niliyoipigia baada ya ajali ile iliniambia maneno ambayo nilistahili, nami nikayasikiliza yote mpaka mwisho.

Hatua ya 10: Rudi

Vyombo vikubwa huja, huandika, huondoka. Wewe unaishi pale, na hilo hakuna anayeweza kukunyang'anya. Siku unapochapisha, fungua daftari lile lile uweke tarehe tatu za kurudi: wiki mbili, miezi mitatu, mwaka. Kwenye lile bomba la maji, rudi Jumanne, saa 12:30 asubuhi, usimame pale pale uliposimama, uhesabu tena wenye ndoo. Kama wamekuwa watano, andika watano na useme nani alitengeneza. Kama ni 41 au 60, andika hivyo, na uweke kiungo cha chapisho la kwanza chini yake.